Njia ya Nne ya Kufika Gatini

Trela alikuwa na wiki mbili tu kwenye kituo cha magari ya wagonjwa simu kuhusu fundi cherehani mmoja ilipoingia. Jina la Trela walimpa wenzake siku ya kwanza, walipojua kwamba kabla ya kuja kwao alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu kwa miaka kumi na moja. Hakulikataa. Alizijua barabara kuu zote za nchi, mizani zote, na vituo vyote vya mafuta ambavyo vyoo vyake vinaingilika. Mji wenyewe ndio hakuujua, hasa upande wa chini, mtaa wa gati, ambako lori la mizigo haliwezi kukata hata kona moja.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi. Mwanamke alisema mumewe ameanguka akiwa kwenye cherehani, mdomo umekwenda upande na hawezi kusema. Nyumba namba themanini na nane, mtaa wa gati. Muuguzi wa zamu, ambaye kituo kizima kilimwita Sista, alirukia kiti cha mbele, Trela akawasha king'ora, wakatoka.

Kwa ramani iliyobandikwa ukutani pale kituoni, safari hiyo ni ya dakika tisa. Wao walitumia dakika arobaini na sita.

Kwanza walikuta daraja limenyanyuliwa. Mtaa wa gati umetengwa na mji kwa mfereji mpana unaopitisha meli ndogo ziendazo kwenye chelezo kufanyiwa matengenezo, na daraja la juu yake hunyanyuka kila meli inapopita. Trela alisimama nyuma ya magari kumi na mawili, king'ora kikilia, akitazama kipande cha barabara kilichosimama wima mbele yake kama ukuta. Dakika kumi na tatu. Alipovuka akaanza kufuata namba. Themanini na tano, themanini na sita, themanini na saba, akapunguza mwendo. Nyumba iliyofuata ilikuwa kumi na mbili. Iliyofuata hiyo, mia mbili na tatu. Alimwuliza mtu aliyekuwa akishusha mapipa, akaelekezwa kushoto. Alimwuliza mwingine, akarudishwa kulia. King'ora kiliwatoa watu madirishani, na kila mmoja alinyoosha kidole upande wake. Mwishowe uchochoro ukazidi kuwa mwembamba hadi vioo vya pembeni vikakwaruza kuta zote mbili, ikabidi arudi kinyumenyume mita mia na hamsini.

"Simama hapa," Sista alisema. "Twende kwa miguu."

Wakatoka mbio na machela, jirani mmoja akiwaongoza. Fundi alikuwa ghorofa ya pili, juu ya ngazi za mbao zenye kona katikati, na machela ikagoma kukata ile kona. Ikabidi wamfunge fundi kwenye shuka, Trela akashika upande wa kichwa, Sista na yule jirani wakashika miguu. Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mzito, na jicho lake moja lilimtazama Trela njia nzima bila kupepesa.

Hakufa. Lakini mkono wake wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kwa kiharusi kama kile, kila dakika inayopita inaondoka na kitu. Waliporudi kituoni Sista alimwambia Trela, "Si wewe, ni mtaa ule. Sote umeshatuzungusha." Trela aliitikia kwa kichwa, akaenda kuangalia mikwaruzo kwenye vioo.

Siku ya nne, Trela akiwa anaosha gari, aliingia mwanamke aliyevaa buti za mpira na koti la idara ya maji. Kiunoni alikuwa amechomeka ndoano ya chuma, zile za kufungulia vifuniko vya chemba.

"Nani aliendesha gari Jumanne kwenda gatini?" aliuliza.

Trela akafunga bomba. "Mimi."

Mwanamke alimpima kwa macho kutoka viatu hadi kichwani. "Yule fundi ni kaka yangu. Tumetoka tumbo moja."

"Pole sana, dada."

"Pole nimezichoka. Tangu Jumanne nimepewa za kujaza gunia. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Ulipita wapi?"

Trela akamweleza: daraja, mapipa, kushoto, kulia, uchochoro mwembamba. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulifika kwa muuza kamba."

"Pale penye kamba zinaning'inia mlangoni? Ndiyo, ndipo nilipogeuza gari."

"Kutoka pale hadi kwa kaka yangu ni hatua sitini. Ulikuwa umempa mgongo."

Maji yaliyobaki kwenye mpira yalikuwa yanamchuruzikia Trela viatuni na hakuusogeza.

"Mimi nasoma mita za maji mtaa ule," mwanamke alisema. "Huu mwaka wa kumi na tisa. Milango elfu moja mia moja na kumi, na yote naijua kwa mbwa wake. Jumapili naanza mzunguko wa mwezi. Saa moja asubuhi nitakuwa mwanzo wa daraja. Ukija, umekuja. Usipokuja, shauri yako."

Akaondoka, buti zikilia sakafuni.

Jumapili ilikuwa siku ya Trela ya mapumziko. Mkewe alimkuta anatafuta viatu.

"Siku yako ya kupumzika unakwenda kutembea na mwanamke wa mita?"

"Ndiyo."

"Ana umri gani?"

"Anakaribiana na mama yako mdogo."

"Basi vaa kofia," mkewe alisema, akarudi kulala.

Watu wa gatini walimwita Mama Mita, na Trela naye akashika jina hilo. Alikuwa na masharti mawili: asisemeshwe akiwa anasoma tarakimu, na mtu asimsaidie kuinua vifuniko. Nje ya hapo alisema sana. Kabla hawajafika nyumba ya kumi alikuwa ameshamfafanulia habari ya namba.

"Namba za hapa hazikwambii nyumba iko wapi. Zinakwambia ilizaliwa lini. Mtu alipomaliza kujenga, alikwenda ofisini, akapewa namba inayofuata kwenye daftari. Themanini na saba alijenga kule kwenye chelezo, kesho yake kaka yangu akaandikisha yake huku. Ndiyo maana wamepakana kwenye daftari, na huku nje hata moshi wa majiko yao haukutani."

"Na posta wanafanyaje?"

"Wanamwachia muuza kamba barua zote."

Trela alikuwa amekuja na daftari la shule la kurasa tisini na sita na fimbo ya mwanzi. Fimbo aliikata mwenyewe, urefu sawa na upana wa gari la wagonjwa likiwa limekunja vioo. Kila uchochoro waliofika aliilaza kutoka ukuta hadi ukuta. Ikipita, aliandika "gari". Ikikwama, aliandika "miguu". Kisha akapanda ngazi za kila jengo la ghorofa, akahesabu vidato, akapima kona. Mzunguko mmoja wa mita ulichukua mwezi mzima, na Trela alikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki, kwa hiyo kazi ilikwenda kwa vipande, wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Watu walimzoea. Kinyozi mmoja alisimama mlangoni kwake akauliza, "Mama Mita, huyo anapima majeneza?"

"Anapima gari, acha uchuro," Mama Mita alisema bila kugeuka.

Kidogo kidogo Trela akaelewa kwamba mtaa ule una njia tatu za kuingia, na kila moja ina kisirani chake. Ya kwanza ni daraja. Mtunza daraja alikuwa kijana aliyekaa kwenye kibanda cha vioo juu ya nguzo, akaitwa Kapteni kwa sababu hajawahi kupanda hata boti. Aliwaambia kwamba meli humpa taarifa saa nzima kabla.

"Mkinipigia kabla sijanyanyua, naizuia meli," alisema. "Nikishanyanyua, na meli imeshaingia, hapo hata akija rais atangoja."

"Kituo chetu kina namba yako ya simu?"

"Hakuna aliyewahi kuniomba."

Trela akaiandika, akaibandika pia nyuma ya simu yake.

Njia ya pili ilipita soko la samaki, na malori ya barafu yaliiziba tangu alfajiri hadi saa tisa mchana. Ya tatu ilifuata ukingo wa maji. Nzuri, pana, ila siku za bamvua bahari hupanda na kuifunika hadi magotini, na chini ya maji hayo kuna mashimo ambayo hakuna anayejua yamefika wapi. Mama Mita alikuwa na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, akamwachia alinakili lote.

Ya nne haikuwa njia ya mtu yeyote. Nyuma ya mtaa kulikuwa na yadi ya zamani ya mizigo ya reli, imezungushiwa ukuta, ina geti la chuma upande wa mjini na upenyo kati ya maghala mawili upande wa gatini. Mama Mita aliingia humo mara moja kwa mwezi kwa sababu kulikuwa na mita moja, na mlinzi wa yadi aliwafungulia geti. Trela alilaza fimbo kwenye upenyo. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja kila upande.

"Inapita," alisema.

"Kwa dereva gani?" Mama Mita aliuliza.

"Kwa huyu."

Mama Mita aliguna, akafungua chemba yake.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha walikuwa bado hawajasimama kwenye namba themanini na nane. Trela alidhani Mama Mita anaikwepa kwa ajili yake. Mwezi wa pili, bila kumwonya, alikata kona kwa muuza kamba, akahesabu hatua sitini kwa sauti, akaingia mlangoni.

"Mita ya hapa iko ndani, jikoni," alisema. "Panda."

Mke wa fundi ndiye aliyefungua. Alimtambua Trela mara moja, na uso wake ukajikunja. "Ingia," alisema hatimaye. "Ukisimama hapo unaziba hewa."

Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha. Cherehani ilikuwa mbele yake, imefunikwa kwa shuka. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa kwenye mto mapajani, kama kitu alichopewa ashike.

"Wewe... ndiye uliyenibeba," alisema. Kila neno alilitafuta kwanza.

"Ndiyo, Fundi."

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka."

"Ilikuwa inatetemeka."

"Nikasema moyoni... nimeponea kwenye cherehani, nakwenda kufia ngazini."

Mkewe alicheka bila kutaka, kisha akageukia ukuta akajifuta macho kwa upande wa kanga. Trela aliona kwamba asiposema wakati ule hatasema tena.

"Nilichelewa. Nilifika hapo kwa muuza kamba, nikageuza gari."

"Najua. Nilikisikia king'ora. Nilikuwa chini hapo, sakafuni. Kilikuja. Kikaondoka. Kikaja tena." Fundi alipumzika kidogo. "Nisikufiche, nilikutukana. Kimoyomoyo, maana mdomo ulikuwa umegoma."

"Una haki."

"Sikuwa najua ni wewe. Nilikuwa namtukana dereva tu." Akamtazama. "Na hiyo fimbo ni ya nini?"

Trela akamweleza, akamwonyesha daftari. Fundi aliliweka juu ya cherehani, akafungua kurasa kwa mkono wa kushoto, polepole. Mama Mita alitoka jikoni, akatazama, akarudi jikoni ingawa mita alikuwa ameshaisoma.

"Umekosea," fundi alisema.

"Wapi?"

"Kote. Umepanga kwa namba. Mtu mumewe ameanguka, atakumbuka namba? Mke wangu alikumbuka kwa sababu aliikimbilia kuisoma mlangoni. Wengine watakwambia, niko juu ya duka la rangi. Niko nyuma ya kinu. Niko kwa yule mama mwenye bata. Panga hivyo. Kama wanavyosema."

"Mimi sijui wanasemaje."

"Mimi najua. Mtaa mzima nimeupima viuno."

Basi kila wiki, baada ya kutembea na Mama Mita, Trela alipanda zile ngazi za mbao. Fundi alitaja, yeye akaandika kwenye daftari jipya. Mlango wa bluu. Nyumba yenye dirisha la duara. Kwa pacha. Kwa pacha wengine. Fundi alipochoka kusema walinyamaza, wakanywa chai, mke wa fundi akasahihisha pale mumewe alipokosea, na mara nyingi alikosea makusudi ili asahihishwe. Kuna siku Trela alikuta shuka limeondolewa juu ya cherehani. Mke alikuwa anashona, na fundi, mkasi mkono wa kushoto, anakata kitambaa. Alikata kombo. Alikitazama kile kipande, akasema, "Hili litakuwa shati la mtu aliyeinama," akachukua kingine.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Trela alimpelekea msimamizi wa kituo lile daftari. Msimamizi alikuwa mtu wa taratibu, kalamu zake zimepangwa mezani kwa urefu.

"Tuna ramani," alisema.

"Ramani haina ngazi, bosi. Wala haina maji kujaa."

"Ramani ina mhuri. Hili lako lina 'kwa mama mwenye bata'. Bata akifa je?" Akamrudishia. "Umejitahidi, sikatai. Lakini siwezi kuweka daftari la mtu binafsi kwenye gari la kituo."

Sista alilichukua, akaliweka chini ya kiti chake kwenye gari la kituo.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Simu ilitoka kwa mwanamke mtu mzima, na aliyeipokea aliweka sauti nje ili wote wasikie. Binti yake amejifungua nyumbani, mtoto mzima, lakini damu haikati.

"Uko wapi, mama?"

"Gatini. Juu ya duka la rangi, mlango wa bluu."

"Namba ya nyumba?"

"Sijui namba, mwanangu. Mlango wa bluu."

Sista hakusubiri zaidi. Garini alifungua daftari, akasoma huku Trela akiondoa gari: "Duka la rangi. Ghorofa ya tatu, ngazi za nje za chuma, vidato arobaini na moja, kona mbili. Machela haipandi. Kiti tu."

"Kiti tunacho?"

"Kiko hapa miguuni pangu."

Sista alikuwa ameshampigia Kapteni. Daraja lilikuwa juu; tishari lililobeba kokoto lilikuwa limekwama katikati ya mfereji, na boti ya kulivuta ilikuwa bado inakuja. Sokoni, malori ya barafu yangekuwepo saa nzima zaidi. Sista akageuza hadi ukurasa wa bamvua, akafuata tarehe kwa kidole. "Maji yanajaa kabisa saa nane na nusu."

Trela aliwasha taa ya kona, akaelekea kwenye yadi ya reli.

Mlinzi aliyemzoea Trela hakuwepo. Alikuwepo mgeni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani, na alikuja getini akiwa ameshainua kiganja.

"Hapaingii gari bila barua."

"Kuna mgonjwa upande wa pili," Trela alisema.

"Nimeambiwa bila barua, hapana. Kazi yangu ina siku tatu tu, kaka."

Sista alishusha kioo. Hakupandisha sauti. "Nyuma ya ukuta huu kuna mama aliyejifungua anamwaga damu. Andika namba ya gari. Andika jina langu, nitakutajia. Andika kwamba nimekulazimisha. Lakini fungua kwanza, uandike baadaye."

Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatoa funguo, akafungua geti.

Walivuka reli kwa mwendo wa kutambaa, dawa zikigongana kwenye makabati. Mbele ya maghala Trela alisimama, akakunja vioo, akanyoosha usukani, akaingia kwenye upenyo bila kukanyaga mafuta. Sista alisema baadaye kwamba ungeweza kusoma tarehe kwenye matofali. Hawakugusa. Walipotokea upande wa pili, duka la rangi lilikuwa mbele yao. Tangu simu ilipoingia zilikuwa zimepita dakika kumi na nne.

Chumbani mzazi alikuwa amelala juu ya mkeka, midomo imebadilika rangi. Mama yake alikuwa amempakata mtoto huku goti lake likiegemea mlango usifungwe na upepo. Sista alipiga magoti, akachoma sindano, akatundika dripu kwenye msumari wa kalenda, akaanza kuukanda mfuko wa uzazi kwa ngumi. Mzazi alikuwa anauliza jambo lile lile.

"Nani kamshika mtoto?"

"Mama yako."

"Nani kamshika mtoto?"

"Mama yako kamshika. Tulia, dada."

Walimfunga kwenye kiti. Trela alitangulia chini, uzito wote ukimjia kifuani, akihesabu vidato kwa sauti ili Sista ajue kona zilipo. Kumi na tatu, kona. Ishirini na saba, kona. Alisahau kutetemeka. Bibi alifuata na mtoto, viatu mkononi.

Wakati huo Kapteni alipiga simu mwenyewe: tishari limeondoka, daraja linashuka. Walipofika lilikuwa limeshalala, na Kapteni alikuwa ameshuka kibandani kwake, amesimama katikati ya barabara upande wa mjini, amezuia magari yote kwa mikono miwili.

Yule mzazi alipewa chupa tatu za damu. Jioni Trela na Sista walipita wodini kabla ya kumaliza zamu. Alikuwa amelala, mtoto ubavuni. Daktari aliwaambia, "Mmewahi," akaendelea na mgonjwa mwingine. Sista alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu. Trela alinunua soda mbili, akaishia kuzinywa zote mwenyewe.

Jumatatu msimamizi alimwita. Mezani palikuwa na barua kutoka kwa wenye yadi: gari la wagonjwa limeingia eneo lao bila kibali, na mlinzi ametoa taarifa kama alivyoagizwa. Msimamizi aliisoma kwa sauti mpaka sahihi. Kisha akaiweka chini.

"Hii njia iko kwenye ramani?"

"Haiko."

"Nani anaijua?"

"Mimi na Sista. Na msoma mita."

"Watu watatu." Msimamizi alisogeza kalamu moja, akairudisha. "Na wewe ukiugua? Au ukirudi kwenye malori yako?"

Msimamizi akaichukua tena ile barua.

"Nitawajibu hawa. Nitaomba nakala ya ufunguo. Wewe zungumza na huyo mama wa mita, wenzako wote watembee mtaa ule. Na hilo daftari liletwe." Akaongeza, macho yake kwenye barua, "Najua liko chini ya kiti cha Sista. Liletwe lipigwe mhuri."

Mama Mita alikataa kwanza. Alisema yeye si mwalimu, na watu tisa nyuma yake watawatisha mbwa. Baadaye alikubali, kwa masharti yale yale mawili. Waliuzunguka mtaa kwa mafungu ya watu watatu watatu, na jioni ya siku ya mwisho mke wa fundi aliwapikia wote chai kwenye sufuria ya harusi. Fundi aliwatahini. Alitaja mahali, dereva akataja njia, na aliyekosea alipewa mkasi akate uzi kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wa fundi haukurudi. Lakini mashati yalikuwa yameanza kunyooka.

Mama Mita alimsindikiza Trela hadi darajani siku hiyo.

"Wanabadilisha mita," alisema walipofika. "Hizi mpya zinajisoma zenyewe, zinatuma tarakimu ofisini kwa simu. Mwezi ujao ninakaa kwenye dawati, kuzitazama zikiingia."

"Na kutembea?"

"Kutembea kumekwisha." Aliigonga ndoano yake kwenye chuma cha daraja, taratibu. "Miaka kumi na tisa. Nikikaa kwenye kiti wiki mbili nitaota mizizi."

Trela aliwaza hilo njia nzima hadi nyumbani. Asubuhi alimweleza Sista, Sista akamweleza msimamizi, na msimamizi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa na kiti kimoja kitupu kwenye chumba cha kupokea simu, akatafuta fomu. Ilichukua wiki saba na sahihi nne. Mama Mita aliingia kazini akiwa amevaa viatu vya kufunika vidole, anavilalamikia, na siku ya pili alipokea simu kutoka gatini, akamkatiza mpigaji kwa upole: "Usinitafutie namba, mwanangu. Niambie ukichungulia dirishani unaona nini." Gari lilifika kwa dakika kumi.

Siku ya nne simu ilitoka upande wa juu, mitaa ya kilimani. Mpigaji alisema yuko karibu na tangi, anaona ukuta wa mawe na kibao kilichoanguka. Mama Mita aliuliza maswali yote aliyoyajua, na hakuna hata moja lililomsaidia. Gari lilizunguka dakika ishirini na tano ndipo likapata. Mgonjwa alikuwa amevunjika mguu tu, akawasamehe. Lakini Mama Mita alivua vile vidude vya masikioni, akaviweka mezani.

"Huko juu sipajui hata kidogo," alisema.

"Hakuna anayepajua," Trela alisema. "Jumapili sina zamu."

Jumapili walipanda kilima, wao wawili na Sista, na fimbo, na daftari lisilo na kitu. Mama Mita alikuwa amerudia buti zake za mpira. Alilalamika juu ya mwinuko tangu nyumba ya kwanza, akagombana na mbwa watatu, na kufikia saa sita mchana walikuwa wamemaliza mitaa miwili.